Kigari cha Tazz na Familia Zetu za Cato Manor



Katika kitabu chetu hiki aghalabu huandikwa habari za safari: nani alitoka Tanga, nani Mombasa, nani Bukavu, na kila mmoja alifikaje Durban. Mwaka huu naomba ruhusa niandike habari za kitu kilichotubeba baada ya kufika, nacho ni gari dogo la Toyota liitwalo Tazz. Msomaji asicheke. Historia ya watu haimo katika vita na vyeo tu. Imo pia katika vyombo walivyosafiria na jinsi walivyovitunza. Tena katika habari hii mna kosa langu mwenyewe, ambalo nimelinyamazia kwa miaka mingi, na sasa naona ni wajibu kulisema.

Mahali penyewe

Cato Manor ipo mwendo wa kilomita chache tu magharibi ya katikati ya mji. Jina limetokana na George Christopher Cato, aliyekuwa meya wa kwanza wa Durban mwaka 1854. Wenyeji wanapaita Umkhumbane, kwa jina la mto upitao hapo. Wakulima wa Kihindi walilima mboga na matunda katika mabonde yake, na baadaye Waafrika waliokuja kutafuta kazi mjini walikodi viwanja kwao wakajenga vibanda. Mwezi Januari 1949 yalizuka machafuko baina ya Waafrika na Wahindi, na watu 142 wakafa. Kisha serikali ya ubaguzi ikaamua kwamba ardhi hiyo ni ya Wazungu. Kuanzia mwaka 1958 nyumba zilibomolewa. Waafrika wengi wakapelekwa KwaMashu, na Wahindi wengi Chatsworth. Katikati ya miaka ya 1960 Cato Manor ilikuwa karibu tupu, imebaki miembe na misingi ya nyumba.

Katika malalamiko ya waliohamishwa, mbali na nyumba zao, lilikuwamo la nauli. Mtu aliyekuwa akienda kazini kwa miguu sasa alilazimika kulipa treni kila siku kutoka katika mshahara uleule mdogo. Jambo hili la nauli naomba msomaji alishike, maana ndilo lililowarudisha watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada ya 1990 vibanda viliota tena Cato Manor, na baada ya uchaguzi wa 1994 serikali mpya ikajenga nyumba, barabara na shule. Waliokuja walitaka kuwa karibu na mji. Na sisi wageni wa kutoka Afrika Mashariki na Kongo tulikuja kwa sababu hiyohiyo.

Lakini ukaribu una mipaka yake. Wenzetu wanaouza katika Soko la Alfajiri pale Warwick hutoka nyumbani usiku bado haujaisha. Watoto wanasoma shule upande mmoja na madrasa upande mwingine, na teksi za abiria zinateremka kwanza mjini ndipo upande nyingine ya kupandia tena. Familia ya watu sita ikilipa nauli mbili mbili kwenda na kurudi, mwezi hauishi. Ndiyo maana kila aliyeweza kuweka akiba kidogo alitafuta kigari.

Gari lenyewe

Tazz ni mzaliwa wa Durban. Mwaka 1961 mfanyabiashara Albert Wessels alipata ruhusa ya kuingiza magari kumi ya mizigo ya Toyota kutoka Japani, na muda si mrefu magari hayo yakaanza kuunganishwa papa hapa Durban. Kiwanda kikubwa cha Prospecton, kusini ya mji, kilijengwa katika miaka ya 1970. Huko ndiko Tazz ilikotengenezwa tangu 1996 hadi 2006. Umbo lake halikuwa jipya: lilikuwa la Corolla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo hapa iliuzwa kwanza kwa jina la Conquest. Ni gari fupi, lenye mlango wa tano nyuma unaofunguka kwenda juu, na viti vya nyuma vinakunjwa. Ukivikunja, magunia ya vitunguu yanaingia. Mpinzani wake alikuwa Citi Golf ya Volkswagen, iliyotengenezwa Uitenhage tangu 1984 hadi 2009.

Mafundi wetu waliipenda Tazz kwa sababu nyingine. Ile ya bei nafuu ilikuwa na injini ya 2E, ya sentimita za ujazo 1295, yenye kabureta. Aliyewahi kufanya kazi katika gereji ya Nairobi au Dar es Salaam alikwisha kuijua injini hiyo katika Starlet na katika Corolla ya EE90. Nakumbuka fundi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Uvira, alipofunua boneti ya Tazz kwa mara ya kwanza alicheka akasema, "Huyu tunafahamiana, Mwalimu." Katika nchi ya ugeni, kukutana na injini unayoijua ni faraja.

Kosa

Gari letu lilitengenezwa mwaka 1999, nasi tulilinunua Oktoba 2009. Sheria ya Afrika ya Kusini inataka gari la mtu binafsi lipimwe linapobadili mwenyewe, na bila ya cheti cha kufaa barabarani halisajiliwi kwa jina jipya. Muuzaji alitukabidhi cheti chenye mhuri. Mimi nimeishi maisha yangu yote kwa karatasi. Nikaona mhuri, nikatosheka.

Mwezi Juni 2010 pedali ya breki ilianza kuwa laini. Nikagundua kwamba nikikanyaga mara mbili inashika, nikajiona nimepata dawa. Nilikwenda hivyo wiki mbili. Jumamosi moja, wakati wa Kombe la Dunia, bendera zikiwa zimejaa barabarani, niliwachukua watoto watano kutoka madrasa. Tulikuwa tukiteremka barabara iliyokuwa ikiitwa Francois, leo inaitwa Rick Turner, na pale mteremko unapokaza pedali ilizama hadi sakafuni. Nikakanyaga mara ya pili, ya tatu, hakuna kitu. Nikavuta hendibreki, nayo ilikuwa imelegea. Nikashusha gia, tatu, mbili, moja, injini ikilia, kisha nikaliingiza gari kwenye kingo ya majani upande wa kushoto likasimama kwa kishindo.

Alhamdulillahi hapana aliyekufa. Lakini binti mmoja wa miaka minane aligonga kiti cha mbele akavunjika meno mawili, nayo hayakuwa meno ya utoto. Mama yake alipofika hakunifokea. Alimfuta mtoto damu, akaniambia, "Mwalimu, nilikupa mtoto." Hakuongeza neno. Laiti angenifokea.

Kazi ya uani

Gari lilivutwa hadi uani kwetu. Fundi wa Uvira alilipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya vigingi vya chuma, maana matofali hupasuka bila ya kuaga, akafungua magurudumu ya nyuma. Ndani ya ngoma la kushoto mpira wa silinda ndogo ulikuwa umechanika, mafuta ya breki yamelowesha lainingi zote. Bomba la chuma linalopita chini ya gari lilikuwa limeliwa na kutu hata likavimba kama mti wenye mchwa. Akanionyesha kwa bisibisi. "Mwalimu, kutu hii haikuota kwa miezi minane. Aliyetoa cheti hakuinama. Na karatasi haishiki breki."

Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alitaka tuanze na rangi. Tulikataa, tukaweka utaratibu ambao familia nyingine baadaye waliufuata: kwanza kinachosimamisha gari, kisha kinachoongoza, kisha kinachoonyesha, halafu kinachoendesha, na rangi mwisho.

Kwa breki tulibadilisha silinda zote mbili za nyuma, lainingi, pedi za mbele na mabomba. Mafuta ya breki tuliyamwaga yote, maana hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Durban ina bahari ndani yake. Unyevu huo ndio unaolisha kutu kwa ndani. Kisha tukatoa hewa gurudumu moja moja, tukianza na lililo mbali zaidi na masta silinda, mimi nikikanyaga na mpwa akifungua na kufunga kijinati mpaka mafuta yatoke bila ya povu. Kwa uongozi tulibadilisha ncha za tairodi na shokapu za mbele. Matairi mawili tuliyatupa. Sheria inataka kina cha mistari kisipungue milimita moja, lakini mvua ya kwetu haisomi sheria, nasi tuliona afadhali tusiisubiri hiyo milimita.

Kutu ilituchosha kuliko vyote. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa na tundu unaloweza kuona barabara. Anayeuza hulifunika tundu namna hiyo kwa puti na kapeti, na ndivyo tulivyoikuta. Jirani yetu Mzulu, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea bodi kwa miaka mingi, alisimama ukutani akitutazama Jumapili mbili. Ya tatu akaingia uani akasema, "Baba, ukipaka hapo unajidanganya." Akakata chuma kibovu hadi kizima, akachomelea bamba jipya, akatufundisha kuziba mishono. Hakutaka malipo; alitaka mpwa wangu amfundishe mwanawe hesabu. Hivyo hesabu zikafundishwa.

Injini haikuhitaji mengi: mkanda wa taimingi, kusafisha kabureta, mipira ya hewa iliyopasuka, plagi. Spea nyingi tulizipata katika yadi za magari mabovu, isipokuwa za breki, ambazo tuliapa kununua mpya daima. Kazi yote ilichukua Jumapili za miezi mitano. Kila kitu nilikiandika katika daftari la shule: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na nani aliyekifunga. Nilitaka pawe na karatasi moja isiyosema uongo.

Mwezi Novemba lilipokuwa tayari, nilikwenda kwa mama wa yule binti nikamwomba aje aone. Alizunguka gari, akaketi mbele, akasema, "Nipeleke njia ileile." Tukateremka Rick Turner, na pale mteremko unapokaza aliniambia, "Simama." Nikasimama. Akaniambia, "Tena." Nikasimama mara nne katika mteremko mmoja, magari ya nyuma yakipiga honi. Jumamosi iliyofuata akamleta mtoto.

Mafuriko na baada yake

Tangu siku hiyo familia kama tisa tulikubaliana kwamba gari la mmoja wetu halibebi watoto wa wengine mpaka liinamiwe na watu wawili wasio mwenyewe, kila baada ya miezi mitatu. Maana sheria haiwatazami wenye magari binafsi kila mwaka; stika ya mwaka unayobandika kiooni ni risiti ya ada, si ushahidi wa breki. Kazi hiyo imebaki juu yetu. Katika madrasa tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Mimi nilikuwa nikidhani udhia ni jiwe au mwiba. Sikujua kwamba udhia waweza kuwa mimi, na funguo mkononi.

Mwezi Aprili 2022 mvua kubwa ilinyesha Durban na jimbo zima, watu zaidi ya 400 wakafa, na nyumba nyingi za mabondeni zikachukuliwa. Usiku ule Tazz ilipanda na kushuka kilima mara kadhaa kuwatoa jamaa waliokaa karibu na mto. Ngoma za breki zikilowa hazishiki upesi, na mpwa alijua kuzikausha kwa kuendesha polepole mguu ukigusa pedali. Kiwanda cha Prospecton chenyewe kilizama, uzalishaji ukasimama kwa miezi, na magari mapya zaidi ya 4,000 yakaharibiwa yasiuzwe. Yetu, yenye umri wa miaka 23, ilianikwa uani milango yote mitano wazi, ngoma zikafunguliwa zikasafishwa tope, ikarudi kazini.

Mwaka jana macho yangu yalianza kunikataza usiku, nikamwandikia mpwa gari liwe lake. Kwa kuwa mwenyewe anabadilika, ilibidi lipimwe. Tulilipeleka tukiwa na daftari, sasa yametimia manne. Mpimaji, kijana mdogo, aliingia shimoni akakaa humo muda mrefu, akapima breki, akatikisa kila gurudumu. Kisha akatunyima cheti: taa ndogo ya kuangaza namba ya nyuma ilikuwa imeungua.

Mpwa alikasirika. Mimi nilimshukuru kijana yule hata akashangaa. Tulinunua balbu, tukarudi, tukapata cheti. Kile cha kwanza, kilichoandikwa kwamba gari limeshindwa, nimekibandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa sababu ni ushahidi kwamba mtu aliinama.