Pendekezo Na. 4 la North Dakota (2024)

Pendekezo Na. 4 lilikuwa pendekezo la wananchi la kurekebisha katiba ya North Dakota, Marekani, ili kufuta kodi ya majengo na ardhi inayotozwa kwa thamani ya mali. Ili lipigiwe kura, zilihitajika saini 31,164, yaani asilimia 4 ya wakazi wa jimbo. Lingezizuia serikali za mitaa kutoza kodi hiyo, isipokuwa kulipia madeni ya hatifungani yaliyokwisha kuwepo, na kulilazimu jimbo kufidia mapato kwa kiwango kisichopungua cha 2024. Waungaji mkono walitetea umiliki kamili wa nyumba. Wapinzani walihofia bajeti za shule na barabara. Lilikataliwa tarehe 5 Novemba 2024 kwa takriban asilimia 63 ya kura. Pendekezo Na. 2 la mwaka 2012, lenye lengo hilohilo, lilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 76.