Data ya biashara: wingu moja linatosha, ao tutafute la pili?

Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake mjini Uvira, ukabeba nyumba na bidhaa. Huku Kavimvira, wakaaji walio karibu na ziwa wanajua pia maana ya maji kuingia ndani bila hodi. Kwa mfanyabiashara, kuna kitu ambacho mara nyingi hakisemwi wakati wa kuhesabu hasara: kaye ya madeni. Bidhaa inaweza kununuliwa tena. Lakini kaye ikioza, nani atakubali kwamba alikuwa na deni?

Juu ya hiyo, depo, farmasi na vikundi vya akiba vingine vimeanza kuweka hesabu kwenye intaneti, katika kile kinachoitwa klaudi, ni kusema wingu. Swali linalokuja nyuma ni hili: tuweke kwa kampuni moja, ao kwa mbili?

Wingu ni nini?

Si kitu cha angani. Ni mashini za kampuni nyingine, ndani ya jengo lenye umeme na walinzi, na wewe unazifikia kwa intaneti. Zenye kujulikana sana ni Amazon, Microsoft na Google. Zote tatu zina majengo ya namna hiyo Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, Amazon tangu 2020, Google tangu 2024. Kama faili yako ya hesabu iko kwenye Google Drive ao OneDrive, basi uko tayari ndani ya wingu.

Kwa nini wengine wanataka mawili?

Kwa sababu hata wakubwa wanaanguka. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao hawakuwa na nakala fasi ingine walipoteza data yao kabisa.

Mwezi wa Mei 2024, Google ilifuta kwa makosa mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. UniSuper walikuwa na nakala fasi mbili, lakini zote kwa Google, na kosa lilifika kote kuwili. Nakala nyingine, waliyoweka kwa kampuni tofauti, iliwasaidia kusimama tena. Na tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu ya Amazon nchini Marekani ilizimisha programu nyingi duniani kwa masaa mengi.

Lakini mawili si bure

Unalipa mara mbili, na kwa dola. Unatumia mega mara mbili. Kampuni nyingi zinalipisha pia data kubwa inapotoka kwao kwenda fasi ingine. Unahitaji mtu mwenye kujua mifumo miwili, na huyo si rahisi kumpata. Tena kuna hatari ya vurugu: karani mmoja anaandika deni huku, mwingine anaandika kule, na kisha hakuna anayejua hesabu ya kweli ni ipi.

Zaidi ya hayo, mawingu mawili hayasaidii kitu kama njia ya kuyafikia ni moja. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Wakati kama huo, hakuna wingu linalofikika. Kwa hiyo kadi ya simu ya rezo ya pili inaweza kuwa na faida kubwa kuliko wingu la pili, na nakala unayoshika mkononi bado ina kazi yake.

Maswali matano kabla ya kuamua

1. *Kazi ikisimama siku moja, unapoteza nini?* Farmasi inaweza kuandika kwenye kaye siku mbili, kisha ikaingiza. Kampuni yenye kutuma pesa za watu haiwezi.
2. *Data gani haiwezi kutafutwa tena?* Madeni, akiba za wanachama, mikataba. Anza na hiyo.
3. *Akaunti ni ya nani?* Kama ilifunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya karani, siku anaondoka ao simu inaibwa, mlango unafungwa. Akaunti iwe ya biashara, na watu wawili wenye kuaminika wajue neno la siri.
4. *Nani ataangalia wingu la pili?* Kama hakuna mtu, usilipe.
5. *Ulishajaribu kurudisha nakala?* Nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja ni matumaini tu. Ijaribu kila kisha miezi mitatu.

Basi tufanye nini?

Kwa biashara nyingi za huku, njia ya katikati inatosha: kazi ya kila siku kwenye wingu moja, nakala ya kila juma kwa kampuni ya pili, bila mtu kuandika humo, na nakala ya tatu kwenye fleshi, nyumbani kwa mtu mwingine, mbali na duka na mbali na maji. Faili ya hesabu ni ndogo, haitakula mega nyingi.

Kuendesha kazi yote kwa kampuni mbili kwa wakati mmoja ni ya mabenki na wale wenye mafundi wa kudumu.

Ukumbuke pia kwamba majina na akiba za wateja si mali yako peke yako. Kodi ya dijitali ya Kongo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 kama sheria, inalinda data ya watu. Kila nakala unayoongeza ni mlango mwingine wa kufunga.

Huku kwetu, maji ao risasi zikija, mtu anakimbia na watoto na simu. Biashara iliyojitayarisha ni ile ambayo mwenyewe, akifika ng'ambo na simu tu mkononi, bado anaweza kusema nani alimdai na nani ana deni lake.