Makumbusho ya Lamu: Jumba la watawala lililogeuka mali ya umma

MGENI anayewasili gatini mjini Lamu hulakiwa na jumba jeupe la ghorofa, lenye roshani zinazotazama bahari na milango ya nakshi. Jumba hilo la karne ya 19, lililowahi kuwa makao ya maafisa wa utawala wa Uingereza, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1971.

Ndani mna samani za waungwana, mapambo ya fedha na vielelezo vya vyombo vya baharini. Hata hivyo, fahari yake ni siwa mbili: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu katika karne ya 17 na yenye urefu unaozidi mita 2, na ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba.

Baragumu hizo hazikupulizwa ovyo. Zilikuwa alama ya mamlaka, zikisikika katika kutawazwa kwa watawala na arusi za jamaa za kiungwana. Leo hata mtoto wa mvuvi huzitazama kwa karibu.

Ila kabati la kioo huhifadhi pembe, si mlio. Huo umebaki katika kumbukumbu za wazee, nao yafaa waulizwe mapema.