Chuma cha Chapati na Moto Wake

Mtu akiniuliza anunue kaango gani la chapati, humuuliza kwanza anapikia moto gani na unga gani. Historia nzima ya chombo hiki hapa kwetu pwani imo katika mambo hayo mawili. Kila moto ulipobadilika, na kila unga mpya ulipoingia jikoni, chombo kilichokuwapo kilishindwa na kazi kikapisha kingine.

Zamani mkate wa pwani ulikuwa wa mtama, wa wimbi au wa mchele. Mofa ilichomwa tanurini. Mikate mingine ilipikwa juu ya waya, lile sinia la udongo lililofinyangwa na wanawake na kuwekwa juu ya mafiga. Udongo hupata moto polepole, na ukishaupata hauuachii upesi, kwa hiyo kuni zikiwaka kwa kishindo au zikififia, mkate hausikii sana. Ubaya wake ni kwamba hauvumilii safari, wala maji baridi ukiwa wa moto.

Chuma cha kupikia mkate kilikuja na watu wa Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Kachi na Gujarati walikuwa wameshajikita Unguja na Mombasa muda mrefu kabla ya Waingereza kufikiria reli, na majikoni mwao walipika kwa desturi zao. Lakini tawa, bamba lao la chuma la kupikia mkate, lilibaki chombo cha nyumba zao mpaka reli ilipolitoa mjini. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kwa mikataba kutoka Uhindi, wengi wao Wapunjabi, watu ambao kwao mlo usio na mkate wa ngano si mlo. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee wa Karachi alipata kandarasi ya kuwaleta vibarua, na biashara yake ikawa pia kuilisha kazi hiyo. Kambi ikisogea mbele, unga, dengu na samli navyo vinasogea, na chombo cha kupikia mkate hakiwezi kuachwa nyuma. Chungu cha udongo kingevunjika mara ngapi kati ya Mombasa na Voi? Bamba la chuma halina wasiwasi huo.

Wengi wa vibarua walirudi kwao mikataba ilipoisha. Waliobaki wanakisiwa kuwa 6,700 hivi. Nyuma ya reli yakaja maduka. Allidina Visram, ambaye jina lake wakazi wa Mombasa wanalijua kwa shule ya sekondari, alifungua maduka kuifuata njia hiyo hadi Uganda. Unga wa ngano ukapatikana mahali ambapo haukuwahi kuonekana. Kisha ngano yenyewe ikapandwa. Mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere, aliijaribu Njoro, ugonjwa wa kutu ukamharibia mashamba, akaendelea tu. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga. Kutoka hapo unga mweupe ulianza safari ya kuingia kila nyumba ya Kenya, ingawa kwa miaka mingi watu wa bara waliula siku za sikukuu tu.

Unga huo mweupe ndio uliolibadilisha tawa, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Tawa la Kihindi lina kibonyeo katikati, na kibonyeo kile kina maana. Chapati ya Kihindi ni nyembamba, ya unga usiokobolewa, hupikwa bila mafuta, na ikikaribia kuiva huwekwa juu ya moto wenyewe ikafura. Ya kwetu, ya unga mweupe, ilishika njia nyingine. Tunasukuma, tunapaka samli, tunaviringisha kama konokono, tunasukuma tena ili ipate tabaka, kisha tunaikaanga. Ndugu yake hasa ni parata. Sasa mwaga mafuta kwenye tawa lenye kibonyeo: yote yanakimbilia katikati. Chapati inaungua kitovuni na pembeni inabaki nyeupe, ina ladha ya unga mbichi. Ndiyo maana kaango la Kiswahili ni bapa kabisa, lina ukingo mfupi wa kuzuia mafuta, na ni nene kuliko tawa la asili. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wa Gerezani, Dar es Salaam, hukata bamba, hupinda ukingo kwa nyundo na kuchomelea mkono. Wauza rolex wa Wandegeya, Kampala, ambao hupika chapati na mayai kwa pamoja, hutumia bamba pana, zito. Hakuna aliyewaandikia kanuni. Mafuta na unga vimewafundisha.

Kuna mkate mmoja unaodai chuma kitupu, nao ni mkate wa ufuta. Kinyunga chake ni laini, kina tui na hamira, hutandazwa kwa mkono uliolowa maji juu ya chuma cha moto, kikanyunyiziwa ufuta. Chini kukishashika, mpishi hukiinua chombo na kukigeuza juu chini, uso wa mkate ukatazama makaa, mpaka ufuta upate rangi na harufu ijae ukumbini. Mkate unaning'inia hapo kwa sababu umekishika chuma. Kaango la teflon, ambalo sifa yake ni kutoshika kitu, litauangusha mkate wote majivuni.

Teflon yenyewe ina historia fupi. Roy Plunkett aliigundua Marekani mwaka 1938 akiwa anatafiti gesi za majokofu, na katika miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire akaibandika kwenye kikaango. Kwa mayai na chapati za maji ni chombo kizuri, sibishi. Lakini tabaka lile huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 za Selsiasi, na chuma cha chapati kikiachwa kitupu juu ya makaa huku unasukuma nyingine, hupita hapo bila wewe kujua. Vyombo vya alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu navyo sivipendi. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta risasi ikitoka kwenye vyombo vya namna hiyo, na madini hayo huwadhuru watoto kuliko mtu yeyote.

Sasa moto unabadilika tena. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na Mombasa mitungi ya gesi imeshaingia hata vyumba vya kupanga. Makaa hutandaza joto chini ya chombo chote. Gesi hulitoa kwa duara. Bamba jembamba lililofaa kwenye jiko la makaa, kwenye gesi huchora pete nyeusi juu ya chapati, na baada ya muda hupinda, likawa linacheza juu ya jiko. Nimewasikia wanawake wakisema chapati za gesi hazina utamu. Gesi haina kosa. Wamehamisha moto wakaacha kuhamisha chuma.

Kwa gesi, taka bamba la milimita 4 au 5. Laza rula juu yake dukani. Mwanga ukipita chini ya rula, liache. Likifika nyumbani lisugue kwa makumbi, likaushe motoni, kisha likaangie machicha ya nazi kwa mafuta mpaka yawe meusi, uyamwage, urudie hadi chuma kianze kung'aa. Chapati zangu zote nimezihamishia kwenye bamba la namna hiyo. Jiko la makaa nimelibakiza kwa Ramadhani, kwa ajili ya mkate wa ufuta, kwa sababu mpaka sasa sijaona gesi inayoweza kuuivisha uso wake.