Mwaka Mzima wa Shakespeare Kando ya Ziwa Michigan

Mwishoni mwa Januari 2016, majira ambayo upepo wa Ziwa Michigan huwafukuza watu barabarani, wakazi wa Chicago walikuwa wakienda kwenye gati la Navy Pier kuwaangalia Warusi. Waigizaji walitoka Ukumbi wa Pushkin wa Moscow, mwongozaji wao alikuwa Mwingereza Declan Donnellan, na mchezo ulikuwa Measure for Measure. Ni kisa cha mtawala anayewahubiria watu usafi wa maadili, kisha anamtaka kimwili msichana anayejiandaa kuwa mtawa, aliyekuja kumwombea kaka yake asiuawe. Mchezo ulisemwa kwa Kirusi mwanzo hadi mwisho. Jukwaani yalikuwapo maboksi makubwa mekundu na kundi la watu waliokuwa wakitembea kwa pamoja, kila mara akibaki nyuma yule ambaye zamu yake ya kusema imefika. Asiyejua Kirusi alifuata maneno kwenye skrini.

Huo ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya mpango ulioitwa Shakespeare 400 Chicago. William Shakespeare alifariki Stratford-upon-Avon tarehe 23 Aprili 1616, na miji mingi ya dunia iliuadhimisha mwaka wa 400 tangu kifo chake kwa wiki moja au mwezi mmoja. Chicago iliamua kuadhimisha kuanzia Januari hadi Desemba. Taasisi 60 za mji zilishiriki, shughuli zikapita 850, na kwa hesabu za waandaaji waliohudhuria walikuwa zaidi ya watu milioni moja.

Mimi tarakimu hizo hazinishangazi sana. Linalonishangaza ni kwamba mji wenye jukwaa la opera, okestra, kampuni ya baleti, maktaba za utafiti na vikundi vya maigizo zaidi ya 200, kila kimoja na bodi yake, wafadhili wake na fahari yake, uliweza kukubaliana kuhusu jambo moja kwa mwaka mzima. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa hata tamasha la siku tatu anajua ugumu wa kuwapata viongozi watano wa vikundi vya sanaa wakae meza moja.

Mizizi ya jambo hilo iko juu ya paa. Mwaka 1986 mwongozaji Barbara Gaines na wenzake waliigiza Henry V kwenye paa la baa ya Red Lion, mtaa wa Lincoln Park. Hawakuwa na jengo. Walijiita Shakespeare Repertory, na mwaka uliofuata wakapata hifadhi katika ukumbi wa Ruth Page, walikokaa hadi 1999. Mwaka huohuo wa 1986, Bernard Sahlins, mmoja wa waasisi wa Second City, nyumba maarufu ya vichekesho ya Chicago, alianzisha pamoja na mkewe Jane tamasha la kimataifa la maigizo lililofanyika kila baada ya miaka miwili. Lilileta vikundi vya nchi za mbali, likapendwa, na katikati ya miaka ya tisini likazimika. Lakini watazamaji waliokwisha kuonja maigizo ya wageni hawakuzimika nalo, na ninaamini wale Warusi wa 2016 walikuta kiti kilichopashwa moto na tamasha hilo.

Navy Pier nalo lina historia yake. Gati hilo, lenye urefu wa kilomita moja hivi, lilifunguliwa mwaka 1916 kwa ajili ya meli za mizigo na za abiria. Mwaka 1927 likapewa jina la sasa kwa heshima ya wanamaji waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la majini lilifundishia vijana wake hapo, na kuanzia 1946 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois walisomea kwenye mabanda hayohayo kwa karibu miaka 20. Kisha gati likachakaa. Lilikarabatiwa likawa mahali pa matembezi mwaka 1995, na 1999 kikundi cha Gaines, sasa kikiitwa Chicago Shakespeare Theater, kikahamia kwenye ukumbi mpya wenye viti takriban 500 vinavyolizunguka jukwaa pande tatu. Kwa hiyo mwaka 2016 gati lilikuwa linatimiza miaka 100 wakati mshairi anatimiza 400 kaburini. Watu wa gati walisimamisha gurudumu kubwa jipya la bembea lenye kimo cha karibu mita 60, na watu wa jukwaa wakaleta dunia ndani.

Kuileta dunia hawakuanzia hapo. Mwaka 2001 mwongozaji Peter Brook aliwapelekea Hamlet yake, Adrian Lester akiwa mwana wa mfalme. Mwaka 2014 walikuja waigizaji wa kikundi cha Isango cha Cape Town na opera ya Mozart waliyoipigia marimba. Na katikati ya miaka hiyo kuna London ya 2012, ambayo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuikumbuka kwa furaha.

Mwaka huo ukumbi wa Globe wa London uliita tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37 kwa wiki sita. Kiswahili kilikuwamo. Waigizaji wa Afrika Mashariki walicheza The Merry Wives of Windsor, Joshua Ogutu akiwa mfasiri na Mrisho Mpoto, mshairi wetu wa Tanzania, akiwa Falstaff, yule mzee mnene mwenye tamaa anayefungiwa ndani ya kapu la nguo chafu na wanawake aliodhani anawalaghai. Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilileta Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Wahindi wa Mumbai walileta Twelfth Night kwa Kihindi. Wabelarusi walileta Mfalme Lear. Na Marekani iliwakilishwa na Chicago: ndugu wawili wanaojiita Q Brothers walileta Othello yote kwa muziki wa kufokafoka. Baadaye mchezo huo waliuchezea pia wafungwa wa jela ya Kaunti ya Cook, mjini kwao.

Waandaaji wa Chicago waliona pale London namna Shakespeare anavyokaa vizuri mdomoni mwa watu wasiosema Kiingereza. Kilichofuata nyumbani kilikuwa kazi ya kalenda, na hapo ndipo sifa kubwa inapomwendea Criss Henderson, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Chicago Shakespeare tangu 1990. Jumba la opera huchagua michezo yake miaka mitatu au minne kabla, kwa kuwa waimbaji wakubwa hushikwa mapema. Okestra ni hivyohivyo. Ukitaka mwaka 2016 wote waelekee upande mmoja, lazima ubishe hodi wakati 2016 bado iko mbali. Hakuna aliyelazimishwa kuacha kazi yake. Kila nyumba iliombwa tu iangalie katika hazina yake ina nini kinachomhusu Shakespeare, na ikiweke mwaka huo badala ya mwaka mwingine.

Ikaweka. Lyric Opera ikaimba Romeo na Juliet ya Gounod. Kampuni ya baleti ya Joffrey nayo ikawacheza wapenzi haohao, na baleti ya Hamburg ikaja na Othello. Maktaba ya Newberry ikafungua maonyesho ya vitabu na nyaraka kuanzia Septemba. Wapishi 38 wakagawana tamthilia 38, kila mmoja akapika kutokana na ya kwake. Riccardo Muti akaongoza Falstaff ya Verdi pamoja na Okestra ya Simfoni ya Chicago, mojawapo ya siku zake ikiwa tarehe 23 Aprili yenyewe. Ni yuleyule Falstaff wa Mpoto, wa kapu la nguo chafu, sasa akiimba Kiitaliano mbele ya violini.

Lakini kama ningepewa tiketi moja tu ya mwaka ule, ningewachagua Wabelarusi. Belarus Free Theatre ilianzishwa Minsk mwaka 2005 na Natalia Kaliada na mumewe Nikolai Khalezin, katika nchi ambako serikali ilikuwa na mkono juu ya majukwaa yote. Walicheza kwa siri kwenye nyumba za watu, na watazamaji walijulishwa mahali kwa simu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2010 na msako uliofuata, viongozi wao walilazimika kukimbia nchi. Chicago ilikuwa kati ya miji iliyowafungulia milango mapema mwaka 2011, wakacheza katika ukumbi wa Goodman wakati hawajui watalala wapi mwezi unaofuata. Waliporudi Chicago mwaka 2016 na Mfalme Lear walikuwa wanakuja kwa wenyeji wao.

Lear wao anaingia amejikunja kama kikongwe, nywele nyeupe zimemfunika uso, na watu wa ikulu wanaanza kumwonea huruma. Ghafla anavua zile nywele za bandia, ananyooka. Kumbe ana nguvu tele, alikuwa anawapima. Anawataka mabinti zake waimbe ili wapate urithi, na urithi wenyewe ni udongo, udongo halisi, anaowamwagia kwenye sketi walizozikinga kwa mikono. Mabinti wanabaki wamebeba nchi mbele ya matumbo yao, nzito, inawachafua. Dhoruba ikifika, waigizaji wanashika turubai kubwa la buluu lililolowa maji na kulipiga hadi mzee amelemewa. Vifaa ni vya mtu yeyote: ndoo, turubai, udongo. Kikundi kilichozoea kucheza kwenye sebule ya mtu, tayari kukimbia, hujifunza kutotegemea mitambo. Na mtawala anayejifanya dhaifu ili aone nani atamsaliti hakuwa kwao hadithi ya Uingereza ya kale.

Wahindi wa Mumbai nao walikuja, mwongozaji Atul Kumar akiwaketisha waimbaji na wapiga ngoma jukwaani muda wote. Shanghai ilileta Hamlet katika mtindo wa opera ya Beijing, mwana wa mfalme akiwa Mchina mwenye vazi lililotariziwa na kuruka sarakasi. Globe ya London ilileta mchezo ambao wasomaji wetu wanaujua tangu 1969 kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Jonathan Pryce alikuwa Shylock na binti yake wa kumzaa, Phoebe, alikuwa Jessica, binti anayemtoroka baba. Shakespeare alimalizia mchezo ule kwa wapenzi na pete zao. Mwongozaji Jonathan Munby hakuwaachia watazamaji raha hiyo: mwishoni Shylock analetwa kubatizwa kwa nguvu, kwa Kilatini, na Jessica anaomboleza kwa Kiebrania. Naona alifanya haki. Hukumu ile ya kumlazimisha mtu aiache dini yake imo ndani ya tamthilia, ila kwa miaka mingi majukwaa yaliipitia haraka ili watu wacheke na kwenda nyumbani.

Barbara Gaines mwenyewe alichukua mzigo mzito kuliko wote. Alizikusanya tamthilia sita za kihistoria, kuanzia Edward III hadi Richard III, akazigawa sehemu mbili, moja kwa ajili ya Mei na nyingine Septemba, kila moja ikichukua saa sita pamoja na muda wa kula. Mada ilikuwa vita, na namna baba wanavyowarithisha watoto visasi.

Nje ya ukumbi mji ulikuwa na vita vyake. Watu zaidi ya 700 waliuawa Chicago mwaka 2016, wengi kwa risasi, wengi wakiwa vijana weusi wa mitaa ya kusini na magharibi. Idadi hiyo haikuwa imefikiwa kwa karibu miaka 20. Swali la iwapo ni halali mji unaozika vijana wake kusherehekea Mwingereza wa karne ya 17 lina uzito, na sidhani linajibiwa na opera. Kilicholijibu kwa kiasi ni lori. Tangu 2012 kikundi cha Navy Pier kilikuwa na lori ambalo ubavu wake hufunguka ukawa jukwaa, na kila kiangazi lilizunguka bustani za mitaani, mitaa ya kusini na magharibi ikiwamo, likicheza bure. Watu walikuja na viti vyao, chakula na watoto. Mwaka 2016 lori lilizunguka kama kawaida, na mimi nalihesabu kuwa shughuli muhimu kuliko karamu zote za wapishi.

Desemba ilipofika mpango ukafungwa, lakini mji ulikuwa umekwisha kuzoea kuupa mwaka jina. 2017 ukawa mwaka wa sanaa za hadharani, 2018 wa vijana wabunifu, na 2019 serikali ya mji ikautangaza kuwa mwaka wa maigizo ya Chicago, safari hii bila kumfunga mtu kwa mwandishi mmoja. Kwenye gati, Chicago Shakespeare ilijenga ukumbi wa tatu, The Yard, uliofunguliwa Septemba 2017. Ndani yake kuna minara tisa ya viti, kila mmoja una uzito wa takriban tani 16. Hewa ya kushindiliwa huinyanyua kidogo kutoka sakafuni na wafanyakazi wachache huisukuma, ukumbi wa jana ukawa na umbo jingine leo. Wa kwanza kuutumia hakuwa Shakespeare wala Mmarekani. Alikuwa James Thierrée na kikundi chake kutoka Ufaransa, na mchezo ambao karibu wote hauna maneno.