Daftari la Walimu

Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Watoto walikuwa wengi, walimu haba. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha vijijini. Sheria ya Elimu ya 1978 ikataka mwalimu asajiliwe au awe na leseni. Sheria ya 2018 ikaunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, isimamie usajili. Daftari hilo ni ngao ya mtoto. Walakini yafaa ikumbukwe kwamba wengi walifundishwa kusoma na watu ambao daftari la leo lisingewapokea.