Kinga, kingia, zuia: matumizi katika futiboli ya Kimarekani

kinga kt. ele. 1. weka kitu au mwili mbele ya kingine ili kisidhurike. 2. zuia kinachokuja. 3. pokea kinachodondoka: *kinga maji ya mvua kwa ndoo*. Mnyambuliko: kingia, kingika, kingiwa, kingwa.

Yambwa ya kitenzi hiki huweza kuwa kile kinachohifadhiwa au kile kinachozuiwa. Mfano ulio wazi uko kwenye miteremko ya Mbinga, katika mashamba ya ngolo ya Wamatengo. Mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa katika mistari inayokatana, akazifunika kwa udongo anaouchimba katikati, hata mteremko mzima ukawa matuta yenye mashimo ndani yake. Mvua inaponyesha, maji hutulia mashimoni badala ya kuporomoka na rutuba. Ngolo *hukinga maji*, na vilevile *hukinga udongo*. Sentensi zote mbili ni sahihi, ingawa maji ndiyo yanayotishia na udongo ndio unaotunzwa.

Shambani utata huu haumpotezi mtu. Katika tafsiri ya michezo humpoteza, na kosa la kawaida ni kukimbilia *zuia*. Katika soka, kuzuia ni kazi ya timu isiyo na mpira. Mchezaji anayemkatia mpinzani njia ilhali mpira hauko karibu hutenda kosa. Raga nayo humwadhibu anayemziba mkabaji mbele ya mwenzake aliyebeba mpira. Futiboli ya Kimarekani huruhusu jambo hilohilo, tena mbio za mpira huutegemea msukumano huo. Kwa hiyo msomaji wa Mbamba Bay aliyelelewa na soka akikuta «timu iliyozuia vizuri ilipata yadi 10», atadhani inasemwa timu iliyokuwa ikijihami. Maana imegeuka juu chini. Hata Daniel Adongo wa Kenya, aliyetoka raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliingia katika mchezo ambao kosa la jana lilikuwa kazi halali ya leo.

Kiswahili tayari kina neno linalofaa: *kingia*. Anayemkingia mwenzake kifua hujitanguliza apokee pigo yeye, na ndivyo wafanyavyo wale watano wa mstari wa mbele. Kiambishi cha kutendea humtaja anayefaidika, hivyo *walimkingia mkimbiaji* haina mashaka, tofauti na *walimkinga*. Atendaye aitwe *mkingaji*. *Mlinzi* aachiwe upande wa pili.

Kwa mipango yenyewe, nomino *mkingo* inatosha, kwa kuwa huundwa kama *mchezo* kutokana na *cheza*. Katika *mkingo wa eneo*, wakingaji wote hupiga hatua kuelekea upande mmoja, na kila mmoja humkabili anayeingia katika nafasi yake. Wawili huweza kumsukuma mlinzi mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wao akamwacha ili amwahi mlinzi wa safu ya nyuma. Mkimbiaji hutazama mwanya unakofunguka ndipo akate. Katika *mkingo wa pengo*, mwanya umekwisha kuchaguliwa: walio karibu nao huwasukuma wapinzani kwa ubavu, naye mkingaji wa upande wa pili huzunguka nyuma ya wenzake aje kumpiga kikumbo aliye ukingoni mwa pengo. *Ukuta*, neno linalopendwa na watangazaji, halifai hapa: ukuta husimama, na katika soka hujengwa na wanaojihami.

*Zuia* libaki kwa timu isiyo na mpira: *Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda, aliichezea New York Giants upande wa kuzuia.* Mkingaji anapomkamata mlinzi na kumvuta, hapo hajakinga wala hajazuia. *Ameshika*, na timu yake hurudishwa nyuma yadi 10.